Baba Yako Alifariki kwa Maradhi Gani?

Tarehe 20 Novemba 1995, katika mji mdogo wa Lake Placid, Marekani, kijana wa Kirusi aitwaye Sergei Grinkov alianguka akiwa mazoezini na mkewe, Ekaterina Gordeeva. Wawili hao walikuwa mabingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu, mwaka 1988 na tena 1994. Grinkov hakuinuka. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Madaktari walipouchunguza mwili wake walikuta mishipa inayoulisha moyo imeziba kama ya mzee. Mtu wa mazoezi ya kila siku! Lakini baba yake naye alikuwa amefariki kwa moyo kabla ya uzee.

Mijini kwetu, kijana akidondoka ghafla, msibani husikii ila mambo mawili: karogwa, au katiliwa sumu. Wachache sana huuliza kama baba au kaka yake aliondoka vivyo hivyo. Daktari hulitaka mno jibu hilo. Baba au kaka aliyepatwa na shambulio la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, ni alama ya hatari kwako wewe uliye hai.

Mengine tunayasikia kila siku: shinikizo la damu lisilopimwa, kisukari, lehemu nyingi katika damu, kitambi tunachokiita afya. Uchunguzi wa INTERHEART uliotangazwa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52, uliyakuta hayo hayo kwa watu wa mabara yote, Waafrika wakiwemo.

Kwa vijana, hata hivyo, sigara ina nafasi ya pekee. Moshi wake huifanya damu igande upesi na mishipa ijikaze, wala haungoji mafuta yajijenge miaka 40. Anayenunua moja moja kibandani hujiona si mvutaji. Moyo hauna hesabu hiyo. Hata sigara chache kwa siku huudhuru.

Sasa dalili. Kifua hubana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakapanda tayani au kushuka mkononi, jasho jembamba likatoka, na pengine kichefuchefu. Kijana husema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa, akalala. Huko ndiko tunakowapotezea. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na zikipita 12 faida yake huwa ndogo sana.

Kipimo cha umeme wa moyo ni cha dakika chache tu. Mgonjwa akiambiwa angoje foleni kwa kuwa anaonekana kijana, aliyemsindikiza asione haya kusema kwa sauti: kifua kinambana tangu saa fulani, na baba yake alikufa hivi hivi.