Kuhesabu Ukinzani na Nguvu za Stima

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kombewa)



Tumeombwa tuseme habari za stima, kwa kuwa wengi wetu twafanya kazi Kisumu na nyumba zetu ziko hapa Kombewa, na nguzo zimekwisha kufika. Desturi yetu ni hii: nyumba kubwa ina stima, jiko la nje halina. Basi mtu hununua waya mrefu mwembamba wa taa, akauvuta uani mpaka jikoni, akatia birika. Birika likikawia kuchemka twasema, "Stima ya siku hizi ni dhaifu." Na tupige hesabu kwanza.

Volti ni msukumo wa stima, kama msukumo wa mvuke ndani ya boila. Ampea ni wingi wa stima ipitayo. Omu ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyoizuia. Jina latokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyetoa kanuni yake mwaka 1827. Wati ni nguvu, na jina ni la James Watt yule yule wa injini za mvuke, kwa hiyo sisi wa reli si wageni kwake.

Gawa volti kwa ampea, wapata omu. Zidisha volti kwa ampea, wapata wati. Ndivyo kwa birika, pasi na taa za kioo za zamani. Mota ya kinu cha posho ina hesabu zaidi, leo tuiache.

Birika limeandikwa volti 240, wati 2,400. Basi lataka ampea 10, na ukinzani wake ni omu 24. Sasa tuseme fundi amepima: nyumbani volti 240, jikoni volti 216, ampea 9. Volti 24 zimekwenda wapi? Zimeliwa na waya. Gawa 24 kwa 9: ukinzani wa waya ni karibu omu 2.7. Zidisha 24 kwa 9: wati 216. Birika limepata wati 1,944 tu, ndiyo maana lakawia.

Zile wati 216 zimekuwa joto ndani ya waya, na mita imekwisha kuzihesabu. Mwenye nyumba atazilipa. Lakini hasara ya shilingi ni ndogo. Waya uliozidi mtu huuzungusha, akausukuma chini ya godoro. Joto halina pa kutokea, plastiki yayeyuka, nyaya zagusana, na juu ni paa la nyasi, na ndani watoto wamelala.

Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu waya ule ule ulibeba taa mwaka mzima bila neno. Taa ya wati 60 yavuta robo ampea tu. Ampea zikizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne.

Kabla ya kununua, gawa wati za chombo kwa volti 240, kisha mwulize mwenye duka waya wake wabeba ampea ngapi. Akijibu bei tu, nenda duka jingine. Soketi yetu ni ya ampea 13, yaani wati 3,120. Birika hilo pamoja na pasi ya wati 1,200 zimekwisha kupita. Na kupima kwa mita ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Mtu asiguse waya wenye stima.

Sasa mwenye chombo na asome namba zilizo chini yake, tuzipigie hesabu hapa hapa.