Tumbawe na Mzinga

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu hapa Sikonge kipande cha tumbawe nilichokiokota ufukoni Unguja. Kikapita mkono kwa mkono. Mmoja wao, mwana wa mrina asali, akakitazama sana, akasema, "Mwalimu, hili ni sega lililogeuka jiwe." Wenziwe wakamcheka, lakini yeye alikuwa ameukaribia ukweli kuliko wote.

Tumbawe ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo sana, kila mmoja katika kitundu chake, kama nyuki katika sega. Hujenga kwa chokaa waipatayo katika maji ya bahari, na kazi yao ni ya polepole: matumbawe mengine hayaongezeki kwa mwaka hata upana wa kidole. Ndani ya mwili wa kila mnyama hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mnyama huipa makao. Nayo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, ikampa mwenyeji wake sehemu kubwa.

Lakini maji yakipita joto la kawaida la kiangazi, hata kwa digrii 1 tu, tena kwa majuma kadhaa, ujirani huo huvunjika. Mimea hutoka, tumbawe likabaki jeupe kama mfupa. Na joto lisipopungua upesi, hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipokufa, na ya pwani yetu yakiwamo. Tumbawe likifa, samaki hukosa maficho, na mvuvi hurudi na dema tupu.

Joto hilo limewadhuru wakulima pia. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza mimea ya bahari iitwayo mwani. Mwaka 1989 kilimo chake cha biashara kikaanza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima, wengi wao wanawake, hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandwa baina ya vigingi. Baada ya majuma kama 6 huvuna, wakaanika, wakauza. Huko ng'ambo hutolewa ute wa kutia uzito katika vyakula na dawa ya meno.

Basi ile aina ya mwani yenye bei kubwa zaidi, iitwayo kotoni, haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto, ikaugua na kufa. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alifanya utafiti pamoja na wakulima hao, wakajaribu kuipanda ndani ya nyavu za mirija katika kina kirefu, penye maji baridi zaidi. Njia hiyo yafaa, lakini yataka mashua, na wengi wa wanawake hao hawajui kuogelea. Yampasa mama kuchagua: mwani wa bei ndogo karibu na ufuko, au wa bei kubwa mahali awezapo kuzama.

Sisi wa bara yatuhusu nini? Zamani wapagazi wa Unyamwezi walitembea miezi kama 3 kufika pwani. Moshi hauhitaji mpagazi. Sababu ya kwanza ya joto ni hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe na mafuta, yachomwayo zaidi katika nchi zenye viwanda vingi. Tusijitwike kosa lote. Lakini miombo ikatwayo kwa kukaushia tumbaku, na ile iteketezwayo kwa moto wa ovyo, huongeza hewa hiyohiyo. Na zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto lililozidi duniani huingia baharini. Tena miombo ikiisha, nyuki nao huhama.

Kwa hiyo, mkulima wa tumbaku, panda miti yako ya kuni, uuache msitu. Nawe mrina asali, zima moto wako kabla hujaondoka. Atakayepata faida kwanza ni mwenye mzinga. Na yule mama wa Paje, ambaye hamtamwona kamwe, atapata sehemu yake.