Kikosi cha Skinner: Farasi Waliondoka, Asili Ikabaki

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Katika jeshi la Bara Hindi kimo kikosi kilichowaacha farasi wake bila kuiacha asili yake, nacho kilipigana katika Eritrea mwaka wa 1941. Jina lake ni Skinner's Horse.

Mwanzilishi wake, James Skinner, alizaliwa mwaka wa 1778. Baba yake alikuwa Mskoti na mama yake Mrajput. Kwa ajili ya mama yake hakuweza kupewa cheo cha uofisa katika jeshi la Kampuni ya Waingereza, basi akawatumikia wafalme wa Wamaratha. Mwaka wa 1803, vita vilipozuka baina ya Wamaratha na Waingereza, aliondolewa kazini kwa ajili ya baba yake. Hivyo alikataliwa pande zote mbili. Lakini wapanda farasi waliotoka kwa Wamaratha na kujiunga na Waingereza walimtaka yeye awe mkuu wao. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa kikosi, na makoti yao ya rangi ya manjano yakajulikana kila mahali.

Vita Vikuu vya Pili vilipofika, farasi walikuwa wameondolewa, na askari wakapewa motokaa. Mwaka wa 1940 kikosi kilipelekwa Sudan, kikawa macho ya jeshi: kazi yake ilikuwa kutangulia mbele na kupeleleza adui alipo.

Tarehe 21 Januari 1941, karibu na Keru katika Eritrea, kundi la majeshi lililoitwa Gazelle, ambalo Skinner's Horse ilikuwa sehemu yake, lilishambuliwa ghafula na wapanda farasi. Walikuwa Waafrika wa Eritrea na Uhabeshi, wakiongozwa na ofisa Mtaliano, Amedeo Guillet. Walikuja mbio wakiwa na panga na makombora ya mkono, wakaikaribia mizinga mno. Wapiga mizinga waliigeuza upesi na kuwapiga kwa karibu. Watu wengi na farasi wengi wakaanguka. Ushujaa wao ulikuwa mkubwa, lakini kifua cha farasi hakizuii risasi ya mzinga.

Jeshi likasonga mbele mpaka milima ya Keren, iliyotekwa tarehe 27 Machi baada ya mapigano makali ya majuma mengi. Wakati huo huo majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwamo askari wa King's African Rifles, yalikuwa yakipita Somalia kwenda Uhabeshi, na tarehe 6 Aprili mji wa Addis Ababa ukaingiwa.

Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka wa 1947, Skinner's Horse ikawa kikosi cha jeshi la taifa jipya, na baadaye ikapanda vifaru. Neno "Horse", yaani farasi, limebaki katika jina lake. Mwaka wa 1803 watu wale walimchagua mkuu wao bila kuuliza kabila la baba wala la mama yake. Hiyo ndiyo asili yao, na haikuhitaji majani wala maji ili iishi.