Nani Humla Nani Kwenye Mbuni: Mada ya Semina ya Wakulima na Walimu, Nkubu



Shuleni ekolojia hufundishwa kwa picha ya simba, swara na nyasi. Picha hiyo ni sahihi, lakini watoto wetu wa Imenti Kusini wanakulia kwenye mibuni. Naomba basi tuangalie tawi moja la kahawa. Kuwindana, kushindana, kusaidiana na kuishi kwa jasho la mwenzio, yote yapo pale.

Shika tawi lenye kahawa changa, uligeuze. Penye vikonyo, punje zinapobanana, huenda ukakuta vidung'ata, wadudu laini waliofunikwa na kitu kama unga mweupe. Hao hunyonya utomvu wa mmea. Utomvu una sukari nyingi kuliko wanavyohitaji, kwa hiyo ziada huitoa kwa matone matamu. Sisimizi huyapandia. Ukitulia utamwona mmoja akimpapasa kidung'ata kwa vipapasio mpaka tone litoke, alinywe, kisha ateremke tumbo limejaa. Naye hulipa. Mbawakavu mwekundu mwenye madoadoa akija kula vidung'ata, sisimizi humkabili na kumfukuza. Matone yasiyonywewa hudondokea majani, ukungu mweusi kama masizi huota juu yake, na jani hukosa mwanga wa kujitengenezea chakula.

Nchi hii iliwahi kuumia kwa ajili ya uhusiano huo mdogo. Katika miaka ya 1920 aina mpya ya kidung'ata ilienea katika nyanda za juu za Kenya, ikashambulia kahawa na hata mazao ya chakula. Wataalamu walidhani ni aina ijulikanayo Asia, wakatafuta maadui zake huko, na hawakufanikiwa. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu, R. H. Le Pelley, alionyesha kuwa ni aina ya peke yake, na asili yake ikafuatiliwa hadi Uganda. Kule ilikuwapo miaka yote bila kuwa janga, kwa sababu iliishi pamoja na wanaoila. Mwaka 1938 nyigu wadogo sana waliletwa kutoka Uganda wakaachiliwa mashambani. Nyigu jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Buu huanguliwa, humla mwenyeji wake kutoka ndani, hatimaye hutoboa tundu na kuruka. Balaa lililoishinda serikali kwa zaidi ya miaka kumi likatulizwa na mdudu ambaye wengi wetu hatungemwona bila kioo cha kukuzia.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo inayonisumbua zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa kali kama DDT zilianza kupulizwa kwenye kahawa kuua wadudu wengine. Ziliua nyigu pia, na vidung'ata wakafumuka upya. Tunayemwita mdudu mbaya huwa na maadui wengi kuliko sisi, na mara nyingi sumu yetu huwamaliza hao kwanza. Kwa hiyo nashikilia kwamba kupuliza kwa kufuata kalenda, bila kukagua matawi, ni kujitafutia hasara.

Kuna njia ya zamani inayotokana na kuujua uhusiano huu: wazuie sisimizi. Zungushia shina utepe wa kunata, kisha kata matawi yanayogusa ardhi na magugu yanayoegemea mti. Ukiacha hata tawi moja likining'inia chini, umewaachia ngazi na utepe umekuwa kazi bure. Sisimizi wakikosa njia, nyigu na mbawakavu hufanya kazi yao bila kusumbuliwa.

Shamba pia halikomei kwenye mpaka wake. Juu yetu kuna majani chai, na juu ya chai kuna msitu wa Mlima Kenya unaokinga mvua na kulisha mito. Chini yetu kuna ndizi za Mitunguu, kisha ukame wa Tharaka. Sumu inayooshwa na mvua kwenye mteremko wa Nkubu huelekea kwa jirani wa chini, kwenye maji anayonyweshea mifugo.

Limebaki suala la miti ya kivuli, ambalo najua litazua ubishi leo. Miringa na mikima katikati ya mibuni huwapa ndege na buibui makao, na majani yake yakioza hulisha udongo. Lakini kivuli kizito huchelewesha majani kukauka, na unyevu ndio unaopendwa na kuvu wa ugonjwa wa kuozesha punje, uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Mwenye kahawa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo, anaweza kuvumilia kivuli zaidi kuliko mwenye aina ya SL 28. Pendekezo langu ni kupunguza matawi ya miti hiyo kabla ya mvua kubwa na kuacha miti yenyewe isimame. Ningependa kusikia walioko kule chini, kwenye joto zaidi, wanafanyaje.