Mama, Usichane Ukurasa Huo

[Muziki wa kipindi unashuka]

  Kina baba, msizime redio, habari ya leo ni yenu pia.

Tunazungumza juu ya mama ambaye mimba zake zinatoka zenyewe, mara ya pili, ya tatu, hata ya nne. Na tunazungumza hasa juu ya yale yanayoandikwa kwenye daftari lake la hospitali.

Tuanze na neno linalotisha. Mama amepoteza mimba, amesafishwa, amerudi nyumbani. Mtoto wake wa shule anafungua daftari na kumsomea: "abortion". Mama anashtuka. Mtaani neno hilo ni kutoa mimba, na kila mtu anajua sheria ya Uganda ni kali kwa jambo hilo. Wako wanaochana ukurasa huo na kuutupa motoni.

Mama, usiuchane. Kwa lugha ya hospitali, "abortion" ni mimba yoyote iliyokatika kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo. Haisemi umefanya nini. Neno la kutofautisha ni lile linalotangulia: "spontaneous", yaani imetoka yenyewe. Ukiwa na karatasi zako za Kifaransa kutoka Goma au Bukavu, zitasema "avortement spontané" au "fausse couche". Ni jambo hilohilo. Karatasi hizo nazo usizitupe. Mkalimani anaweza kumsomea daktari.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa, na kila hali imepewa herufi na namba, ili daktari wa Kampala na wa Nairobi waelewane. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, mimba iliyotoka yenyewe ni O03. Muuguzi akiandika "abortion" tu, bila lile neno la mbele, anayejaza namba hana la kufanya ila kuweka O06, maana yake haikuelezwa ilikuwa ya namna gani. Kwa hiyo una haki ya kusema kwa upole: "Sista, naomba uandike kwamba ilitoka yenyewe."

Sasa ndiyo hapa penye shida yenyewe. O03 inaeleza mimba moja. Mama akipoteza mimba Uvira, nyingine Nakivale na ya tatu Kampala, kila kituo kinaandika moja, na kila kituo kinamwambia, "Pole mama, hutokea, utapata nyingine." Kweli hutokea, mimba moja kutoka ni jambo la kawaida sana. Lakini tatu ni habari nyingine, nayo ina namba yake: N96 kama kwa sasa huna mimba, O26.2 kama unayo. Mara nyingi hutaiona namba hiyo kwenye daftari lako. Utakachokiona ni maneno "recurrent pregnancy loss", au alama kama hii: G4 P0+3. G ni mimba zote ulizowahi kubeba pamoja na ya sasa. P ni zile zilizofika wakati wa kujifungua. Ile ya baada ya kujumlisha ni zilizotoka mapema. Huyu basi ana mimba ya nne, hajazaa bado, na amepoteza tatu. Ikiwa yako imeandikwa +1 na wewe unajua ni tatu, sema hapohapo.

Najua kwa nini wengine hawasemi. Mkalimani ni mume, na mume hajui habari ya mimba ya kwanza. Au ni jirani. Omba mkalimani mwanamke, na omba mlango ufungwe. Ukishindwa kusema, onyesha kwa vidole.

Hesabu hiyo ndiyo inayofungua vipimo. Waingereza huanza kuhesabu tatzo hili kwenye mimba ya tatu. Wataalamu wa uzazi wa Ulaya, tangu 2017, kwenye ya pili. Mimi ningesema uliza baada ya ya pili, na baada ya ya tatu usikubali kurudishwa nyumbani bila kupimwa. Waeleze pia ilitoka ikiwa na miezi mingapi. Mimba zinazotoka mwezi wa tano bila uchungu mwingi zinaweza kuwa za mlango wa kizazi unaofunguka mapema, na mlango huo unaweza kushonwa. Kuna hali ya damu kuganda inayotibiwa kwa aspirini kidogo na sindano za heparini, lakini kwa agizo la daktari, si kwa kununua dukani. Kuna kisukari, kuna tezi ya shingo, kuna kaswende, na kaswende hutibiwa kwa mke na mume, vinginevyo inarudi. Mara nyingi kasoro iko katika mbegu zenyewe zilipokutana, na mbegu ni za watu wawili. Baba, umesikia? Na hata sababu isipopatikana, wengi wa kina mama hawa baadaye huzaa.

Vipimo vyote havipo kwenye kituo cha afya cha kambini, na vingine vinalipiwa. Omba barua ya rufaa. Aliye Kampala anaweza kuanzia kituo cha Kisenyi, kisha apelekwe Kawempe.

Kama daftari limepotea, chukua karatasi ya kawaida. Kwa kila mimba andika mwaka, mahali, ilikuwa na miezi mingapi, kama ulisafishwa, kama uliongezwa damu. Weka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chakula, kwa sababu hiyo haipotei.

Lakini damu ikilowesha pedi mbili kwa saa moja, au ukiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya au kizunguzungu cha kuanguka, usitafute daftari. Nenda hata usiku, litaletwa baadaye.

[Muziki unapanda]