Popoo ya Dawa na Popoo ya Uraibu

Leo nazungumzia popoo. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawana haja ya kuelezwa ni kitu gani: ndiyo ile kokwa ngumu inayokatwa vipande na kukunjwa ndani ya jani la tambuu pamoja na chokaa, ikatafunwa barazani na harusini.

Nimepata kumsikia mtafunaji mmoja akijitetea: "Hii ni dawa, bwana. Wachina wanatibia minyoo." Neno lake lina ukweli, na kwa sababu lina ukweli, inafaa tulichambue.

Kwa Wachina popoo huitwa binglang, na waganga wao wameitumia kuua minyoo kwa zaidi ya miaka 1,400. Katika miaka ya 1950 madaktari wa huko waliijaribu hospitalini kwa wagonjwa wenye tegu, yule mnyoo mrefu bapa anayetokana na nyama isiyoiva vizuri. Mgonjwa alilishwa kwanza mbegu za maboga. Baada ya saa mbili hivi alinyweshwa maji ya popoo iliyochemshwa, kisha chumvi ya haluli. Mbegu za maboga humlegeza tegu sehemu za kati na mkiani. Popoo humpooza kichwani, mahali anapong'ang'ania ukuta wa utumbo. Akishalegea kote, haluli humtoa nje.

Nguvu hiyo inatokana na kemikali iitwayo arikolini. Hata New Zealand, katika kampeni ya kupambana na tegu wa mbwa iliyoanza mwaka 1959, mbwa walinyweshwa arikolini.

Sasa tazameni kipimo. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 3 hadi 10 za popoo kwa matumizi ya kawaida. Kwa tegu kinaruhusu gramu 30 hadi 60. Hunywewa maji yake, minyoo ikitoka kazi imekwisha. Hakuna daktari anayemwambia mgonjwa atafune kutwa, miaka ishirini.

Lakini huko huko China wako wanaotafuna hivyo. Katika mkoa wa Hunan, hasa mji wa Xiangtan, popoo zinazolimwa kisiwani Hainan hukaushwa, hutiwa viungo na utamu, na kuuzwa katika pakiti za kupendeza. Nyuzi zake ngumu hukwaruza mashavu kwa ndani, na kemikali zake huingia palepale penye michubuko. Nyama ya kinywa hukakamaa taratibu, hata mtu akashindwa kufungua mdomo apitishe kijiko. Wengine huishia kwenye saratani. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku.

Mimi mtu wa redio niliishika zaidi habari ya Septemba 2021: serikali ya China ilipiga marufuku kutangaza popoo kwenye redio, televisheni na vipindi vya mtandaoni. Mwaka uliofuata mwimbaji wa huko, Fu Song, alifariki kwa saratani ya kinywa akiwa na umri wa miaka 36. Kabla ya kufa aliwaonya watu waiache popoo.

Kwa hiyo nchi iliyoandika popoo katika kitabu chake cha dawa ndiyo hiyo hiyo iliyoizima redioni. Wala hakuna kigeugeu hapo. Dawa ina adui wake, ina kipimo na ina mwisho. Uraibu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Anayetafuna kila siku hamuui mnyoo yeyote, anajiua kinywa.

Mwenye kushuku ana tegu aende hospitali, apimwe choo, apewe vidonge vya kisasa kama prazikwanteli. Na mtafunaji mwenye kidonda au doa jeupe kinywani lisilopona kwa wiki mbili, au anayeona mdomo unaanza kuwa mzito kufunguka, asingoje maumivu. Amwone daktari mapema, saratani ya kinywa ikiwahiwa hutibika.

Wazee wetu walikaribisha wageni kwa tambuu, nasi tunawaheshimu kwa ukarimu wao. Ukarimu tuuhifadhi, hata kama sinia tutaweka tende na kahawa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.