Kikohozi Usimfiche Mwenzako

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na walio kwenye ndoa.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukatoka jasho usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu. Wengi huficha, wakiogopa kuachwa. Lakini mnalala chumba kimoja, na ugonjwa huu huenezwa kwa hewa. Ukinyamaza, unamhatarisha mwenzako na watoto. Mwambie, kisha nendeni pamoja kituo cha afya. Vipimo na dawa ni bure. Watoto nao wapimwe; walio chini ya miaka 5 wanaweza kupewa dawa ya kinga.

Dawa humezwa kila siku, kwa kawaida miezi 6. Baada ya miezi 2 mgonjwa hujiona amepona. Hapo ndipo wengine huacha, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Basi mume au mke awe mlinzi, aulize kila siku: "Umemeza?" Mkojo ukiwa mwekundu usiogope, ni dawa. Mama anayetumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango amwambie mhudumu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kupunguza nguvu yake.

Na wewe uliyeambiwa, usimtenge mwenzako. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kwa kupeana mikono. Fungueni mlango na dirisha, hewa ipite. Mlioana ili mfaane. Siku ya kufaana ndiyo hii.

Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.